Kabla King'ora Hakijasikika: Jinsi Wajerumani Walivyojifunza Kupisha

Asubuhi ya tarehe 3 Julai 2017, basi lililobeba wasafiri, wengi wao wazee, waliokuwa wakielekea Ziwa Garda nchini Italia liligonga trela la lori kwenye barabara kuu ya A9, karibu na Münchberg katika jimbo la Bavaria. Likashika moto. Watu 18 walikufa. Waokoaji walipofika kwenye foleni iliyokwisha kujipanga nyuma ya ajali, walikuta baadhi ya madereva wamezubaa, na wengine wameacha upenyo ambao gari kubwa la zimamoto halikuweza kupita bila taabu.

Ujerumani ilipigwa na butwaa. Si kwamba sheria ya kuwapisha waokoaji haikuwepo. Ilikuwepo kwa miongo kadhaa.

Zamani kupisha lilikuwa jambo la masikio. Katika miji ya Ulaya, magari ya zimamoto yaliyokokotwa na farasi yalipita mbio yakipiga kengele, na mwenye mkokoteni akajibanza pembeni. Kisha vikaja ving'ora, zikaja na taa. Ujerumani iliweka rangi ya bluu kwenye kanuni zake mwaka 1938, vita ikiwa inanukia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mwanga wa bluu haukuonekana kwa urahisi na ndege za adui. Rangi hiyo ya kujificha ndiyo leo inayomwambia dereva asogee.

Lakini kusikia na kuona hakutoshi kwenye barabara kuu. Tangu Agosti 1932, Konrad Adenauer, wakati huo meya wa Köln, alipofungua barabara ya magari pekee kati ya mji wake na Bonn, ugonjwa wa barabara za aina hii umekuwa ule ule: zikiziba, hakuna kichochoro cha kutorokea. Gari la wagonjwa likinasa kilomita mbili nyuma, king'ora chake kinawafikia walio karibu tu, nao wamebanana hawana pa kwenda.

Thamani ya dakika hizo ilijulikana kwa uchungu. Mwezi Mei 1969, mtoto wa miaka minane, Björn Steiger, aligongwa na gari karibu na Winnenden, na gari la wagonjwa likachukua karibu saa nzima kufika. Alifia njiani. Wazazi wake, Ute na Siegfried, walianzisha taasisi yenye jina lake mwaka huo huo, wakapigania simu za dharura kandokando ya barabara na namba za 110 na 112 zitumike nchi nzima. Mwaka uliofuata, barabara za Ujerumani Magharibi ziliua watu zaidi ya 19,000.

Katika mazingira hayo ndipo ilipokomaa kanuni ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ni ya busara kuliko king'ora chochote: usisubiri kuitwa. Foleni ikianza kutambaa, aliye njia ya kushoto kabisa asogee kushoto, wengine wote wasogee kulia, katikati pabaki wazi hata kama hakuna gari la dharura linaloonekana. Wajerumani, ambao huendesha upande wa kulia, hukumbuka kwa kutazama mgongo wa mkono wa kulia: kidole gumba ni njia ya kushoto, vingine vinne ni njia zilizosalia, na waokoaji hupita penye pengo. Hata hivyo, zamani barabara yenye njia nne ilikuwa na mgawanyo wake tofauti, na madereva wakachanganyikiwa. Mwishoni mwa 2016 ikabaki kanuni moja kwa barabara zote. Jirani yao Austria ilikwisha kuifanya kuwa lazima tangu Januari 2012.

Kilichokosekana ni meno. Kabla ya Münchberg, asiyefungua njia alitozwa euro 20. Miezi michache baada ya msiba, faini ikapanda hadi kati ya euro 200 na 320, na mkosaji akaweza kunyang'anywa leseni kwa mwezi mmoja.

Wamarekani walikuwa wakihangaika na upande mwingine wa jambo hilo hilo: kumkinga anayefanya kazi akiwa amesimama ukingoni. Mwaka 1994, huko South Carolina, mhudumu wa gari la wagonjwa aligongwa akiwa kwenye eneo la ajali, na polisi wakasema kosa ni lake. Hakukubali. Mwaka 1996 jimbo likapitisha sheria ya kuwataka madereva wahame njia au wapunguze mwendo. Hawaii ilipojiunga mwaka 2012, majimbo yote 50 yalikuwa nayo, na mengi yameongeza magari ya kuvuta magari mabovu. Dereva wa lori la Afrika Mashariki anayetandaza matawi ya miti barabarani gari likiharibika anaomba ulinzi ule ule, ila yeye hana faini ya kumtetea.

Mwaka 2020 Ujerumani ilimgeukia na dereva ambaye msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anamfahamu vizuri: yule anayejipachika nyuma ya gari la wagonjwa ili naye apite. Faini yake huanzia euro 240, kubwa kuliko ya yule aliyekataa tu kusogea, na ni haki yake.