Ibara ya 15 na Meza ya Meneja

Vijana ninaowafundisha uongozi huamini kwamba kazi hii ya kumkalisha bosi chini na kumfunza namna ya kuishi na watu wake imeingia nchini juzi, pamoja na projekta na kumbi za hoteli. Huwa nawakatalia. Nchi hii ilikwisha kuandika, tena kwa lugha ambayo mfagizi na mkurugenzi waliisoma sawasawa, kwamba kiongozi mwenye dharau anaharibu kazi. Iliandikwa Februari 1971 katika Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ibara ya 15. Maisha yangu yote ya ajira nimeyamaliza katika idara za utumishi, na sijaona karatasi nyingine iliyowahi kumkosesha usingizi meneja wa Kitanzania kama ile.

Ili kuielewa nguvu yake, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaungana katika TFL, katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Kawawa. Baada ya Uhuru chama na serikali vikaanza kuliona shirikisho hilo kama mshindani. Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalipotokea, viongozi kadhaa wa wafanyakazi waliwekwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikaja NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi. Mtu mmoja alivaa kofia ya mwajiri mkubwa kuliko wote na kofia ya mtetezi wa waajiriwa.

Lakini mwaka huohuo wa 1964 wafanyakazi walipewa kitu ambacho wengi wetu tumekisahau. Sheria ya Usalama wa Kazi iliagiza kwamba penye wanachama kumi au zaidi wa NUTA paundwe Kamati ya Wafanyakazi, na ikaweka kanuni ya nidhamu yenye kosa na adhabu yake. Bosi aliyezoea kusema "kesho usije" alilazimika kuiita kamati, kueleza kosa na kusikiliza upande wa pili. Kwangu mimi, huo ndio mwanzo wa somo la uongozi mahali pa kazi katika nchi yetu: kumlazimisha mwenye mamlaka atoe sababu mbele ya watu.

Marehemu baba yangu alikuwa mjumbe wa kamati hiyo katika kiwanda kimoja cha nguo jijini. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma, mtu wa maneno machache, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake, kwa hiyo walimpa uandishi wa vikao. Daftari lake kubwa la jalada gumu ninalo mpaka leo. Ndani yake hamna hotuba hata moja. Kuna mtu aliyekatwa mshahara kwa kuchelewa siku ambayo basi liliharibika Buguruni. Kuna mama aliyenyimwa ruhusa ya kwenda kliniki na mtoto. Kuna mzozo wa sabuni. Kila jambo limeandikwa tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo, uamuzi gani ulifikiwa. Nimehudhuria semina nyingi za utatuzi wa migogoro, na bado sijapata mfano bora wa kufundishia kuliko kurasa hizo.

Kamati hizo hata hivyo zilikuwa na mpaka. Zilizungumzia nidhamu na masilahi, lakini mipango ya uzalishaji, bei na faida ilibaki juu. Azimio la Arusha la 1967 lilipoyaweka mabenki na viwanda vikubwa mikononi mwa umma, swali likawa wazi: kama kiwanda ni chetu, mbona hatuambiwi kinaendaje? Jibu la serikali lilikuja Februari 1970 kwa Waraka wa Rais Na. 1. Waraka huo uliagiza mashirika ya umma yaunde Mabaraza ya Wafanyakazi, ambamo meneja, wakuu wa idara, tawi la TANU, NUTA na wawakilishi wa wafanyakazi wangekaa meza moja kujadili mipango, ubora wa bidhaa, tija na mapato. Baraza lilipewa uwezo wa kushauri tu, uamuzi ukabaki kwa bodi ya wakurugenzi. Katika mabaraza mengi wakuu wa idara walizungumza, wawakilishi wakaitikia.

Ndipo ukaja Mwongozo. Wakubwa waliouandika walikuwa na hofu ya mambo makubwa zaidi ya viwanda. Novemba 1970 Wareno walikuwa wameivamia Guinea, na Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote hapo jirani Uganda. Halmashauri Kuu ya TANU ilitaka umma uamke, uilinde nchi na mapinduzi yake. Katikati ya maneno hayo ya ulinzi iliwekwa ibara ya 15, ikisema kwa mkazo kwamba lazima usawa ujengwe kati ya kiongozi na anaowaongoza, na kwamba majivuno, anasa, dharau na uonevu ni mwiko kwa kiongozi wa Tanzania. Sidhani walioiandika walitarajia itasomwa kwanza kabisa na mtu wa zamu ya usiku.

Alisoma, na alielewa. Kuanzia mwaka huo hadi 1973 migomo ilifuatana, Dar es Salaam hasa, na kilichowashtua wengi ni madai yenyewe. Miaka ya nyuma watu waligomea mshahara. Sasa waligomea matusi, upendeleo, ubadhirifu na kunyanyaswa. Walimtaja meneja kwa jina na ibara kwa namba. Kuna mahali meneja alizuiwa getini asiingie. Issa Shivji, Henry Mapolu na Pascal Mihyo waliyaandika hayo wakati kumbukumbu bado mbichi, na vitabu vyao ningependa kila afisa utumishi avisome kabla hajagusa faili la mtu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hakikusalimika: Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, aliukosoa uongozi wa chuo kwa msingi wa Mwongozo huohuo, akafukuzwa na kurudishwa kwao, na wanafunzi wakasusa.

Kiwandani kwa baba, aliyezua moto alikuwa mkuu wa idara mmoja, kijana msomi, mmoja wa hao naizesheni waliopokea viti vya wazungu. Alikuwa na tabia ya kuzitupa kadi za mahudhurio sakafuni ili mwenye kadi ainame kuiokota. Siku moja mzee aliyemzidi umri mara mbili alikataa kuinama. Mitambo ikazimwa, watu wakahamia kantini, wakasema hawarudi mpaka yule bwana aondoke. Kamati ndiyo iliyokuwa ikipita kati ya kantini na ofisi. Katika daftari la baba tukio hilo limechukua kurasa nne, na neno "dharau" halimo. Kuna kadi zilizotupwa, tarehe, majina ya waliookota, maneno yaliyosemwa. Meneja mkuu alipodai kwamba watu wamechochewa, kamati ilimsomea kurasa hizo, naye akanyamaza.

Mkuu yule alihamishwa. Baba hakufurahi. Aliniambia miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeanza kazi, kwamba walichofanya ni kuwapelekea wenzao wa kiwanda kingine mtu yuleyule na ulimi uleule. Nadhani hapo alilishika jambo ambalo wasomi wa kipindi kile hawakulitilia uzito wa kutosha. Ibara ya 15 ilimwambia kiongozi asifanye nini. Namna ya kufanya hakuna aliyekuwa na jukumu la kumfundisha.

Vyuo vilikuwepo. Kivukoni, ng'ambo ya lango la bandari pale Kigamboni, kilifunguliwa 1961 kuwafunda makada wa chama, ushirika na vyama vya wafanyakazi. Mzumbe ilipewa sura ya chuo cha usimamizi wa maendeleo mwaka 1972. Mwaka huohuo serikali ilianzisha mfumo wa utawala wa Madaraka Mikoani kwa ushauri na michoro ya McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Kwa hiyo katika muda usiozidi miezi kumi na minane taifa letu lilimwambia kiongozi mambo mawili: Mwongozo ukamwambia ajibu kwa walio chini yake, na michoro ya wataalamu ikampanga ajibu kwa aliye juu. Mimi nilisoma utumishi miaka ya baadaye, na katika chuo nilichopita tulijua kujaza hati ya mashtaka ya nidhamu kabla ya kufundishwa namna ya kumsikiliza mtu mwenye hasira. Michoro ndiyo iliyoshinda.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walivuka hatua nyingine: walikishika kiwanda cha mmiliki binafsi na kukiendesha wenyewe. Mwanzoni waliungwa mkono. Wengine walipojaribu kuiga, uvumilivu ukaisha. Waliogoma walifukuzwa kazi, na wapo waliopakiwa kwenye magari na kurudishwa vijijini kwao. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kawawa, yuleyule wa TFL. Siandiki hili kumlaumu marehemu, kwa kuwa serikali nzima ilitaka uzalishaji usisimame. Naandika kwa sababu watu waliambiwa na kitabu cha chama chao wasikubali dharau, wakakiamini, wakaadhibiwa kwa kukiamini. Baada ya hapo baba aliendelea kuandika vikao, lakini kurasa zinazidi kuwa fupi.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. JUWATA ikachukua nafasi ya NUTA 1978 kama jumuiya ya chama tawala, OTTU ikaja 1991, viwanda vikauzwa au vikafungwa, na mwaka 2004 ikapatikana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini tunayoitumia. Taasisi ya Uongozi ilianzishwa 2010, na leo mtumishi mkubwa anaweza kupata mkufunzi wake binafsi, jambo jema ambalo baba asingeliwazia.

Kitu kimoja hakikufa. Mabaraza ya Wafanyakazi yapo katika wizara, mamlaka na mashirika ya umma, na mpaka leo mgeni rasmi anapofungua kikao hutaja Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970. Nimekaa katika mabaraza mengi, kwanza kama katibu, sasa kama mwezeshaji, na mara nyingi nimeona yaleyale: wajumbe wanakabidhiwa bajeti asubuhi ya kikao, mkuu wa taasisi anazungumza kwanza na kwa muda mrefu, muda wa maswali unabanwa na chakula cha mchana. Nimeona pia kikao ambacho mkurugenzi mmoja alikaa kimya hadi kila mjumbe alipokwisha kusema, kisha akajibu hoja moja moja kutoka kwenye karatasi yake. Watu wake bado wanamtaja, ingawa alikwisha kustaafu.

Kwa hiyo wewe unayeongoza taasisi, kabla ya kulipia semina nyingine, anza na baraza ulilonalo. Wape wajumbe makabrasha wiki mbili kabla, pamoja na mahesabu, yaani mapato na matumizi yenyewe. Mtafute mwandishi anayeandika kilichosemwa badala ya kilichotakiwa kusemwa. Zungumza mwisho. Na kikao kijacho kianze kwa kusoma yale uliyoahidi katika kikao kilichopita.