Tangi la Bibi, na sheria iliyoruka nyumba za watu

Wadau, niko huku Massachusetts kwenye baridi. Najua nimepotea siku nyingi, naomba radhi, mitihani ya katikati ya muhula imeninyoosha. Muhula huu nasoma somo la historia ya mazingira, na mwalimu katuambia kila mtu aandike historia ya kitu kilicho hatua mia toka mlangoni kwake. Wenzangu wamekimbilia makanisa na reli. Mwenzenu sikwenda mbali, nimeandika shimo lililoko uani kwetu.

Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nyumba ya mbao ya zamani. Mwezi wa kumi alitaka kuiuza ahamie kwa binti yake. Mnunuzi akaja na mkaguzi, mkaguzi akapita uani na kile kifaa cha kutafutia vyuma, kikaanza kulia. Kuchimba kidogo tu, hilo hapo: tangi la chuma limejaa matundu ya kutu, udongo unanuka kama gereji za Gerezani. Bibi hajawahi kutia hata lita moja mle! Alipoinunua nyumba ilishakuwa inatumia gesi. Mnunuzi akaaga, hakurudi. Watu wa bima wakajibu kwa barua ya ukurasa mmoja kwamba uchafuzi haumo kwenye mkataba.

Kwa mlioko nyumbani na hamjaona baridi ya kutafuna masikio, niwaeleze. Huku nyumba inapashwa joto na tanuru lililoko chini, kwenye ghala la chini ya nyumba. Zamani lilikuwa linakula makaa ya mawe, na mtu alilazimika kuamka usiku kulilisha kwa koleo. Miaka ya 1920 vikaanza kuenea vichomeo vya mafuta vinavyojiwasha vyenyewe, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndo kila mtu akataka. Mafuta yenyewe ni ndugu wa dizeli. Tangi likiwekwa ndani linakula nafasi, kwa hiyo wengi wakalizika uani, chuma kitupu ndani ya udongo wenye unyevu. Halafu ikaja 1973, Waarabu wakasusa kuiuzia Marekani mafuta, bei ikapaa, na wengi wakahamia gesi. Kulitoa tangi ni gharama, basi bomba linakatwa, nyasi zinaota juu, nyumba inauzwa, anayenunua haambiwi kitu. (Hata siku hizi serikali ya jimbo inawasihi watu wang'oe na ule mdomo wa kujazia ulioko ukutani, maana imeshatokea dereva wa lori la mafuta kukosea nyumba na kumimina mzigo mzima mahali ambapo tangi halipo tena. Fikiria unashuka chini asubuhi unakuta bwawa.)

Sasa hapa ndo nilipokaa sana maktaba. Desemba 1983 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kilionyesha watu ambao maji yao ya visima yamechafuliwa na petroli iliyovuja kutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi. Nchi ikashtuka. Mwaka 1984 Bunge lao likapitisha sheria ya matangi hayo. Mwaka 1986 likaunda mfuko wa kusafishia, unaolishwa na kodi ya sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta ya magari. Mwaka 1988 zikaja kanuni, na vituo vya petroli vikapewa hadi 22 Desemba 1998 viwe na matangi yasiyooza au viyang'oe. Tangu hapo yamegunduliwa mavujo zaidi ya laki tano, na mengi yameshasafishwa. Kazi kubwa, sibishi.

Lakini fungua ile sheria ya 1984 kwenye maana ya maneno. Inaeleza tangi la chini ya ardhi ni nini, kisha inaorodhesha yasiyohusika. Mojawapo ni tangi la mafuta ya kupashia joto yanayotumika palepale yalipohifadhiwa. Yaani la Bibi! Nilipolisoma mara ya kwanza nikadhani ni nafuu kwake, hakuna mkaguzi wa serikali kuu wa kumsumbua. Kumbe kutokuwemo kwenye sheria maana yake kutokuwemo kwenye mfuko pia. Mwenye kituo cha petroli alibanwa, ila nyuma yake kulikuwa na fedha na ofisi za kumsukuma. Mwenye nyumba aliachwa kwa jimbo lake. Na jimbo hili lina sheria yake ya mwaka 1983, inayoitwa 21E, ambayo haimuulizi mwenye ardhi kama ni yeye aliyekosea. Uchafu uko kwako? Ni wako. Ukitaka, kamdai aliyekuuzia. Aliyemuuzia Bibi alishafariki zamani. Mwaka 2008 jimbo lilipitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni za bima ziwauzie wenye matangi ya mafuta kinga ya mavujo, lakini Bibi hakujua kama ana tangi, angeinunuaje?

Tukiacha fedha, kusafisha kwenyewe kuna historia ambayo mi imenifurahisha. Mafuta yakivuja yanashuka kwenye udongo mpaka yakute maji ya chini, na kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu yake. Maji yakipanda wakati wa masika ya theluji na kushuka kiangazi, mafuta nayo yanapanda na kushuka, yakipaka udongo kama brashi. Ndo maana kuyavuta kwa pampu tu hakutoshi, unapata yale yanayoelea, yaliyoshika kwenye chembe za mchanga yanabaki.

Mwaka 1972, mji wa Ambler, Pennsylvania, bomba la petroli lilikuwa limevuja, na pampu zimefika mwisho wa uwezo wake. Mtafiti wa kampuni ya Sun Oil, Richard Raymond, akajua kwamba humo chini tayari kuna bakteria wanaokula mafuta, ila wana njaa ya vitu vingine. Akawapelekea kupitia visima hewa, fosfeti na salfeti ya amonia. Ndiyo, ile ile SA mnayoijua mashambani! Wakazaliana na wakala petroli. Mwaka 1974 akapata hataza ya njia hiyo. Halafu Bemidji, Minnesota: 20 Agosti 1979 bomba lilipasuka likamwaga lita zipatazo milioni 1.7 za mafuta ghafi, na lita kama laki nne zikashindikana kutolewa. Badala ya kulia, wanasayansi wa serikali wakapageuza darasa toka 1983. Wakakuta uchafu unatembea polepole kuliko maji yenyewe, maana vijidudu vinautafuna njiani, hata kule chini ambako hewa haifiki. Ndo hapo wazo la kuacha udongo ujitibu huku unapimwa likaanza kupata heshima.

Nikamkimbilia mtaalamu wetu na habari hizi kama nimegundua Marekani. (Toka 1993 jimbo hili halisimamii kila shimo lenyewe, mwenye nyumba anaajiri mtaalamu mwenye leseni.) Yule mama akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: bakteria watachukua miaka mingapi, na Bibi ana mingapi? Tangi liko mita mbili toka msingi wa nyumba, mvuke unaweza kuingia ndani, na jirani wa bondeni anakunywa maji ya kisima. Kwa hiyo udongo uliochafuka ukachimbwa na kupakiwa malori mawili, mpaka wakafika kwenye maji. Juu ya maji kulikuwa na ule utando wa rangi za upinde wa mvua.

Sasa hivi uani kuna mabomba matatu ya kupimia yenye vifuniko vya chuma. Sampuli ya kwanza ya kisima cha jirani imetoka safi. Ya pili wanachukua mwezi wa tatu. Bibi amekopa kwa dhamana ya nyumba ile ile aliyotaka kuiuza, na asubuhi nikitoka kwenda darasani namkuta dirishani anatazama yale mabomba, chai imempoa mkononi.

Haya, saa nane usiku hii na kesho nina pepa ya takwimu. Tuonane.