Picha za Zamani za Wanaume Wawili: Namna ya Kuzisoma na Kuzitunza

Mimi ni mkusanyaji wa picha za zamani, zile za nyeusi na nyeupe za studio. Nyingi nimezipata hapa hapa Mombasa. Lakini hii iliyonifanya niandike niliiona mbali na bahari, Lambwe, kaunti ya Homa Bay, kwa wakwe zangu. Baba mkubwa wa mke wangu alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, na chini kabisa ya vyeti na risiti palikuwa na picha ya vijana wawili. Mashati meupe, suruali pana, nyuma yao pazia lililochorwa bustani. Wameshikana vidole vya mwisho. Mgongoni pana muhuri wa studio ya Mombasa na mwaka kwa penseli: 1956.

Kufika kwake Lambwe si ajabu. Bonde lile lilijulikana kwa mbung'o na malale, na bandari na reli ziliwavuta Wajaluo wengi kuja Mombasa kutafuta kazi. Mtu akipata mshahara alikwenda studio, akatuma picha nyumbani.

Mnunuzi mmoja wa ng'ambo niliyemsimulia habari yake alijibu siku ile ile. Aliitaka, na alitaka kuiuza kama picha ya wapenzi.

Soko hilo lipo kweli. Mwaka 2020 Hugh Nini na Neal Treadwell, wanandoa wa Marekani, walitoa kitabu kiitwacho Loving, kilichotokana na mkusanyo wao wa picha zaidi ya 2,800 za wanaume wanaoonekana kupendana, za miaka ya 1850 hadi 1950. Tangu zamani wauzaji huko wameona kwamba picha ya wanaume wawili ikiandikwa kuwa huenda ni ya mashoga, bei hupanda. Neno "huenda" ndilo linalouza.

Mmarekani mwingine, John Ibson, alitoa mwaka 2002 kitabu cha Picturing Men, baada ya kutazama maelfu ya picha za kawaida. Alionyesha kuwa wanaume wa Marekani zamani walikumbatiana na kukaliana mapajani mbele ya kamera bila wasiwasi, kisha kadiri karne ya 20 ilivyosonga wakaanza kuachiana nafasi. Kwa hiyo hata kwao mkono begani si ushahidi. Sisi wa pwani tuna sababu zaidi ya kusita: pita Mji wa Kale au Lamu jioni, utawaona wanaume wamefungana vidole wakienda zao msikitini. Picha za N.V. Parekh wa Mombasa, za Omar Said Bakor wa Lamu na za Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, tuzitazame tukikumbuka hilo. Mpiga picha ndiye aliyewapanga watu. Mara nyingi mkono uliwekwa na yeye.

Lakini wapo wanaoruka upande wa pili, wakisema mambo hayo hayakuwepo kwetu. Hilo nalo silikubali. Lugha yetu ina maneno yake ya kale kwa watu hao, na neno "shoga" lenyewe, ambalo kwa mama zetu ni rafiki wa kike tu, lilipewa maana ya pili humu humu pwani. Gill Shepherd aliandika utafiti juu ya Mombasa mwaka 1987. Watu hao waliishi, na bila shaka baadhi yao walipiga picha. Tatizo ni kujua ni ipi.

Basi mimi husoma mgongo kabla ya uso. Muhuri, mwaka, jina, maneno ya "ukumbusho kwa". Halafu humuuliza mwenye sanduku, nami huandika maneno yake kama alivyoyasema. Naandika kwa penseli laini, kwenye bahasha na si kwenye picha. Siipigi plastiki, wala siiweki kwenye albamu za gundi. Gundi ile hula karatasi.

Na siiuzi kwa jina ambalo wenyewe hawakujipa. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vinafanya kazi. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuviondoa, na adhabu inaweza kufika miaka 14. Maiti hashtakiwi, lakini wajukuu wana duka sokoni na watoto shuleni.

Nilimuuliza mzee ni akina nani. Mke wangu alitafsiri.

"Huyu ni kaka yangu," alisema. "Huyu mwingine alikaa naye chumba kimoja Majengo miaka sita. Alipofariki, kaka alirudi huku na hakwenda tena Mombasa. Hakuoa."

"Walikuwa marafiki, baba?"

Aliitazama picha kwa muda. "Alituambia tusiitupe," akasema, akaishika mwenyewe.

Nilimwandikia mnunuzi kuwa haiuzwi. Mzee aliniruhusu kuchukua nakala kwa simu. Picha yenyewe ilirudi sandukuni, sasa ndani ya bahasha. Juu yake nimeandika: Mombasa, 1956. Walikaa chumba kimoja Majengo, miaka sita. Aliyebaki aliagiza isitupwe.