Soko la Wajir na Ulinzi wa Mji

Mji haulindwi kwa bunduki peke yake. Askari hodari aweza kulinda lango moja au njia mbili. Lakini hawezi kukaa katika kila nyumba, wala kusikia kila neno la chuki linalosemwa sokoni. Wenye kuyasikia maneno hayo ni mwuza maziwa, mzee wa ukoo na kijana wa barazani. Wakinyamaza, mji huungua; wakisema mapema, mji huweza kupona. Jambo hili lilionekana wazi katika mji wa Wajir, kaskazini ya Garissa, kati ya miaka 1992 na 1995.

Nchi ya Wajir ni kavu, na watu wake wengi ni Wasomali wafugaji, ambao mali yao ni ngamia, ng'ombe na mbuzi, na uhai wao ni kisima na malisho. Tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960, Kaskazini Mashariki ya Kenya ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, nazo hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Februari 1984 majeshi ya serikali yaliwaua watu wengi katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na mji. Kwa hiyo raia hawakuwa na sababu nyingi za kumwona askari kuwa mlinzi wao. Tena mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, silaha zikavuka mpaka, na ukame ukaua mifugo. Koo za Waajuran, Wadegodia na Waogaden zikaanza kupigana.

Usiku mmoja wa siku hizo, mama kijana aitwaye Dekha Ibrahim Abdi alisikia milio ya risasi karibu na nyumba yake. Akamchukua mwanawe, akajificha naye chini ya kitanda. Kulipokucha, mama yake alimkumbusha kwamba Dekha mwenyewe, alipokuwa mchanga wakati wa vita vya Shifta, alifichwa vivyo hivyo. Basi vizazi viwili vilikuwa vimelelewa chini ya kitanda. Je, na cha tatu kilelewe huko?

Dekha na wanawake wenziwe wachache, wa koo mbalimbali, hawakuanza kwa hotuba kubwa. Walianza sokoni. Walipatana kwamba mwanamke ye yote, wa ukoo wo wote, awe huru kununua na kuuza bila kutukanwa wala kupigwa. Nao wakaweka wenzao wa kuangalia kwamba mapatano hayo yanashikwa. Kisha waliwaendea wazee. Hapa walitumia busara: kwa kuwa mzee wa ukoo mkubwa angeshukiwa na mahasimu wake, uongozi wa maneno ulipewa mzee wa ukoo mdogo usiokuwa na ugomvi na mtu. Mwezi wa Septemba 1993 wazee wakatoa Azimio la Al Fatah, lililoweka kanuni za kurudisha amani. Vijana nao wakajiunga, na wafanya biashara wakachanga fedha.

Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, ambamo raia na maofisa wa serikali walikaa meza moja. Habari za wizi wa mifugo au za mauaji zilipofika, wazee, wanawake na maofisa waliondoka pamoja kabla ya kisasi hakijaondoka. Walimtafuta mwenye kosa kwa jina lake, wasiuhukumu ukoo wake wote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na watu hawa walikimbilia ufa.

Mfano huo ulienea. Mwaka 2001 wazee wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe, wakapatana juu ya malisho, maji, silaha na wizi wa mifugo. Na baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kamati za amani zilipelekwa katika sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Julai 2011 alifariki kwa majeraha ya ajali ya gari, iliyompata njiani alipokuwa akielekea Garissa kwenye mkutano wa amani.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kazi ilikwisha. Mwaka 2014 damu ilimwagika tena Wajir na Mandera, Wadegodia na Wagarre walipopigana. Amani hufanana na kisima cha jangwani: kisipozolewa mchanga kila mara, hufukiwa. Waliochimba kisima cha Wajir hawakuwa majemadari wala matajiri. Walikuwa wanawake wa sokoni, waliokataa kungoja mtu mwingine aje awalindie watoto wao.