Polisi Wenye Kilti: Historia Fupi ya Bendi ya Zumari ya Polisi wa Glasgow

Mwaka 1883, jeshi la polisi la Govan liliunda bendi ya zumari. Govan ulikuwa mji wa kujitegemea kando ya mto Clyde, magharibi mwa jiji la Glasgow nchini Uskoti. Ulipopata hadhi ya manispaa mwaka 1864 ulikuwa na wakazi wapatao 9,000 tu, lakini viwanda vya kuunda meli viliukuza kwa kasi hadi ukakaribia watu 90,000. Mji wa namna hiyo ulihitaji polisi wengi, na wengi wao walitoka Nyanda za Juu na visiwa vya Uskoti, vijana wenye miili mikubwa waliozungumza Kigaeli. Walikuja na zumari zao.

Zumari ya Uskoti ina mfuko ambao mpigaji huujaza pumzi, kisha huukandamiza kwa mkono ili hewa isikatike. Mabomba matatu yanayoegemea begani hutoa mvumo usiobadilika, na filimbi iliyo mkononi hupiga wimbo kwa noti tisa tu. Kwa kuwa sauti haisiti, zumari moja iliyoteleza kidogo huharibu bendi nzima. Ndiyo maana ulinganifu wa sauti ni jambo kubwa bendi hizi zinapohukumiwa.

Sare nayo ina historia yake. Kilti, vazi la sufu lenye miraba na marinda mengi nyuma, liliwahi kuwa kosa la jinai. Baada ya waasi wa Nyanda za Juu kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume wa Uskoti kulivaa: aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita, na aliyerudia alihamishwa ng'ambo kwa miaka saba. Walioachwa ni wanajeshi wa mfalme. Sheria ilifutwa mwaka 1782, na kwa muda wote huo vazi lilikuwa limehifadhiwa na vikosi vya jeshi. Kwa hiyo polisi wa karne ya 19 walipotaka sare ya gwaride, waliiga ya wanajeshi: koti fupi, kilti, mkoba wa ngozi unaoning'inia mbele, soksi ndefu za sufu na, kwa siku kubwa, kofia ndefu ya manyoya. Vazi lililopeleka watu gerezani likawa sare ya walinzi wa sheria. Hata hivyo, askari wa Glasgow hawakufanya doria wakiwa na kilti. Barabarani walivaa suruali kama wenzao wote.

Mwaka 1912 Govan ulimezwa na Glasgow, na bendi ikawa ya Polisi wa Jiji la Glasgow. Katika miaka ya 1930, na tena baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa miongoni mwa bendi zilizotawala mashindano makubwa ya Uskoti.

Enzi yake kuu ilianza pale jina lilipobadilika tena. Mwaka 1975 majeshi kadhaa ya polisi ya magharibi mwa Uskoti yaliunganishwa kuwa Polisi wa Strathclyde. Mwaka uliofuata bendi ilitwaa ubingwa wa dunia, ikaurudia mwaka 1979, kisha ikauchukua kila mwaka kuanzia 1981 hadi 1986. Mara sita mfululizo! Kiongozi wake alikuwa Ian McLellan, polisi aliyesifika kwa sikio lisilosamehe. Chini yake, mpigaji hakutafutwa kwa mbwembwe zake binafsi; alitakiwa kutoweka ndani ya sauti ya wenzake.

Mwaka 1987 mnyororo ulikatika. Bendi ya 78th Fraser Highlanders kutoka Ontario, Kanada, ilishinda, na kwa mara ya kwanza taji likatoka nje ya Uingereza. Jibu la Strathclyde lilikuwa mataji mengine manne, kuanzia 1988 hadi 1991. McLellan alistaafu mwaka 1992 akiwa na mataji 12 ya dunia.

Kufikia wakati huo, polisi wenye kilti walikuwa wameenea mbali na mto Clyde. Polisi wa Vancouver, Kanada, walikuwa na bendi yao tangu 1914. Mjini New York, polisi wenye asili ya Ireland waliunda yao mwaka 1960. Mwaka 1987 ilionekana kwenye video ya wimbo wa Krismasi wa kundi la The Pogues, na kilti zake ni sehemu ya mazishi ya askari wanaouawa kazini. Baadaye, mwaka 1998, Bendi ya Polisi wa Victoria, Australia, ilifika Glasgow ikaondoka na ubingwa wa dunia.

Nyumbani, mambo yaligeuka. Bendi ya enzi ya McLellan ilikuwa ya askari polisi. Leo raia nao wamo safuni. Tarehe 1 Aprili 2013 majeshi manane ya polisi ya Uskoti yaliunganishwa kuwa moja, na jina la Strathclyde likafutwa. Bendi haikufutwa. Imerudi kuitwa kwa jina la Glasgow.

Taji la dunia halijairudia tangu 1991. Lakini kila Agosti bendi bora hukusanyika kwenye uwanja wa Glasgow Green kulipigania, na hadi leo hakuna bendi nyingine iliyolitwaa mara sita mfululizo.