Pesa ya Keya

Nairobi ina masoko mawili yenye majina ya vita. Kariokor, unakonunua vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma, ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Burma, soko la nyama lililo karibu na Barabara ya Jogoo, lina jina la nchi ya mbali ambako vijana wetu walipigana katika Vita vya Pili. Kila siku tunapita hapo tukibishana bei. Ni wachache wanaojiuliza: hao vijana walilipwa ngapi, na pesa zao zilienda wapi?

Mimi swali hilo hunijia kila kijana wa kwetu anapofuzu mafunzo ya jeshi kule Eldoret. Mbuzi anachinjwa, akina mama wanapiga vigelegele, na kabla mshahara wa kwanza haujaingia, kila mjomba tayari ana mradi. Wosia nao haukosi. Weka akiba. Nunua ploti. Usioe haraka. Achana na pombe. Ni maneno mazuri, sikatai. Lakini babu zetu waliambiwa yayo hayo, na wengi waliyafuata, halafu bado wakabaki mikono mitupu. Inafaa tujue kwa nini.

Tuanze na wapagazi. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza walihitaji migongo ya kubeba risasi na chakula kuwafuata Wajerumani hadi Tanganyika na kwingineko. Mwaka 1917 vijana walikusanywa kwa nguvu, wilaya kwa wilaya. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mishahara ya wengi wao ilibaki vitabuni mwa serikali. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, warithi hawakujulikana, na serikali haikuwa na haraka ya kuwatafuta. Hizo pesa hazikulipwa. Kumbe mtu anaweza kufanya kazi, afe, na jasho lake lipotee kwa sababu karani hakuandika jina lake sawasawa.

Vita vya Pili vilikuja na mpango bora kidogo. Wakenya karibu 98,000 waliingia jeshini, wengine katika King's African Rifles, ile watu waliyoiita Keya. Walipelekwa Uhabeshi, Madagaska, Mashariki ya Kati na Burma. Safari hii askari aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kupitia ofisi ya DC. Nyingine ilihifadhiwa hadi siku ya kuachiliwa, na akiba ya posta nayo ilihimizwa. Kwenye karatasi, mambo yalikuwa sawa kabisa.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nani alisimama kwenye foleni ya DC? Pengine ni mke. Pengine ni baba mkwe wake, au shemeji aliyesema mwanamke hawezi kushika pesa. Askari yuko msituni Burma, barua yake inapitia kwa mkaguzi wa jeshi, na kama hajui kusoma, lazima amwombe mwenzake amwandikie hata siri za ndani. Basi akawa anatuma pesa bila kujua zinanunua ng'ombe wa nani.

Halafu vita vikaisha. Askari akapewa kiinua mgongo na kutakiwa heri. Mwaka 2019 nyaraka za zamani ziliwekwa wazi, zikaonyesha kwamba kiinua mgongo cha Mwafrika kilikuwa kama theluthi ya alichopewa mzungu wa cheo kilekile. Wachache walifunzwa ufundi na biashara katika Jeanes School, Kabete. Wengi walirudi kijijini na noti mfukoni, wakafanya alichofanya jirani: wakafungua duka, au wakachangishana kununua lori. Maduka yakawa mengi kuliko wanunuzi. Lori likiharibika, spea ziko Nairobi na pesa zimeisha.

Na hata aliyekuwa na akili ya biashara aligonga ukuta. Leseni ilikuwa mikononi mwa wengine. Kipande kilikuwa bado shingoni. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa ya wazungu, na maaskari wazungu walikuwa wamegawiwa mashamba huko tangu 1919. Kahawa, zao la pesa, Waafrika wengi walikuwa bado hawaruhusiwi kulima. Sasa hiyo akiba uiwekeze wapi? Waruhiu Itote alirudi kutoka Burma akawa mfanyakazi wa reli, na miaka michache baadaye akaingia msituni kama Jenerali China. Sisemi pesa ndizo zilizompeleka. Nasema askari aliyeambiwa aweke akiba katika nchi iliyomfungia milango alikuwa na haki ya kuuliza maswali.

Ndiyo maana naona wosia wa "weka akiba" ni nusu ya wosia. Milango mingi leo iko wazi, lakini mitego mingine iko palepale. Kwa hivyo, ndugu yangu uliyevaa sare juzi, kabla ya ploti fanya haya. Hakikisha jina la mrithi wako limeandikwa sawasawa, na ukioa au ukizaa, urudi ulibadilishe. Mwenye kupokea pesa za nyumbani awe mtu mmoja, ajulikane na wote, na mama au mke wako asizisikie kwa watu. Usisaini mkopo ambao hujausoma hadi mwisho, hata kama kikosi kizima kimesaini. Na usifungue biashara kwa sababu wenzako wamefungua. Uliza kwanza nani atanunua.

Wajomba nao wangoje kidogo. Kuna familia zilizongoja pesa ya Kariokor mpaka wazee wote wakaisha, na hakuna aliyekuja kuwaambia jina la mtoto wao lilikosewa wapi.