"Za Kinyakyusa, za zamani, si za Kiswahili"

Kwenye vibanda vya kurusha nyimbo, kuanzia Igogwe hadi Tukuyu mjini, mteja hataji jina la faili. Anampa kijana memori kadi na kusema: niwekee kwaya, za Kinyakyusa, za zamani, usichanganye na za Kiswahili. Hapo ametoa masharti manne, na moja ni la kukataza. Tayari ametunga kichujio kamili. Lakini kompyuta ya kibandani haiwezi kumtimizia, kwa sababu nyimbo zenyewe zimeandikwa "Track 07", hazina mwimbaji, lugha wala mwaka.

Mantiki ya vichujio ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1854 mwanahisabati Mwingereza George Boole alionyesha kuwa "na", "au" na "si" vinaweza kupigiwa hesabu kama namba. Kwenye muziki wetu, kazi ya kupanga ilianzia kwenye kadi za karatasi. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, na kila wimbo aliuandikia lugha, ala na aina yake. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na kwa sababu ya maandishi yale nyimbo zake zinatafutika mpaka leo.

Enzi ya MP3 ilikuja na lebo finyu. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni ID3, baiti 128 zinazobandikwa mwishoni mwa faili, zikiwemo herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, na baiti moja tu ya aina ya muziki. Aina zilikuwa 80. Polka imo, ni namba 75. Taarab haimo. Kwaya ya kigango itajibana kwenye gospeli, namba 38, na ngoma za makabila yote ya dunia zimerundikwa pamoja kwenye namba 48. Hili linaniuma, maana kichujio hakiwezi kutenganisha kilichochanganywa tangu kwenye lebo.

Mwaka 2002 programu ya muziki ya iTunes ilileta orodha zinazojijaza zenyewe: unaweka masharti mara moja, na kila wimbo mpya unaoyatimiza unaingia wenyewe. Unachagua sehemu ya lebo, unachagua "ni", "si" au "ina", unaandika neno, kisha unaamua kama yatimie masharti yote au lolote. Wengi hukwama kwenye uamuzi huo wa mwisho. Chukua bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma. Ukiweka majina manne na kudai yatimie yote, hupati hata wimbo mmoja. Badili iwe lolote, na bendi nzima inarudi.

Lugha ndiyo iliyotutupa mkono zaidi. Toleo la pili la ID3, la mwaka 1998, lilitenga sehemu ya lugha, ijazwe kwa alama za herufi tatu kutoka orodha ya kimataifa. Kinyamwezi kimo, "nym". Kinyakyusa hakikuwemo. Alama yake, "nyy", ilipatikana kwenye orodha pana zaidi iliyotoka mwaka 2007, na programu nyingi za muziki hazikuwa zimetengenezwa kwa orodha hiyo.

Ila programu nyingi zina sehemu ya maoni, na kichujio kinaweza kusoma humo pia. Kwa hiyo wewe unayerekodi kwaya Igogwe, kabla hujaurusha wimbo kwenye simu ya kwanza, andika humo: Kinyakyusa, jina la kwaya, kigango, mwaka.